Injini Iliyo Mezani

Mjukuu wangu, mume wangu mtoro,

Mimi mzima, goti tu linanung'unika. Jirani ndiye anayeniandikia.

Yule fundi rafiki yako alikuja kuifunga injini ya pikipiki uliyoiacha vipande viwili mezani. Akasafisha kingo, akapaka gundi ya kuzuia oili isivuje. Nikamwambia, "Futa."

"Bibi, gundi itakauka. Unangoja nini?"

"Namngoja aliyeifungua."

Akafuta huku akinicheka. Bado nakula kwenye kigoda, maana meza ni ya injini. Ikifungwa itaondoka, nami nitabaki na meza tupu na sahani moja.

Njoo uifunge mwenyewe. Ukimaliza, ukitaka kuondoka nayo, ondoka. Ila safari hii uniage.

Mimi bibi yako, mkeo asiyeachika.