Chuma cha Adela Kimevaa Plastiki

Karakana ya Modesti,
S.L.P. 212,
Sumbawanga.
20 Agosti 1995

Mpendwa mdogo wangu Baltazari,

Pokea salamu nyingi kutoka huku kwenye upepo. Kifua kilichokusumbua wakati wa mvua kimepona kweli, au unatuficha? Shemeji Margareth na watoto wanaendeleaje na joto la Dar es Salaam? Sisi ni wazima. Baba Mdogo Alois analalamikia magoti kila asubuhi, lakini jua likishapanda huwezi kumzuia. Anakwenda kupura ulezi na vijana, na jioni anawasema kwamba hawajui kazi. Ulezi mwaka huu ni mzuri, Mungu ashukuriwe.

Barua yako tuliipata. Tuliumia kusikia kwamba kiwanda kimeuzwa na umepunguzwa pamoja na wenzako. Hata hivyo nina habari ndefu ya kukueleza, na ninaomba uisome mpaka mwisho kabla ya kunikasirikia.

Habari yenyewe inamhusu dada yako Adela. Tangu masika alikuwa mgonjwa wa mguu na hatukukwambia. Alitukataza mwenyewe, akasema una yako ya kutosha. Unakijua kile chuma anachofunga mguuni tangu alipougua polio utotoni. Ngozi iliyofunika vyuma ilioza kwa jasho na mvua za njia ya Kaengesa anakofundisha, kutu ikawa inagusa nyama. Kikatokea kidonda nyuma ya paja. Alikificha chini ya gauni, akaendelea kusimama ubaoni, mpaka siku moja homa ikamwangusha darasani.

Daktari alimtibu vizuri, lakini akasema wazi kwamba akikifunga tena chuma kile kama kilivyo, mara nyingine mguu hautapona. Basi Adela akarudi kwa Baba Mdogo na kukaa. Mtu aliyekuwa anakwenda shule na kurudi kwa miguu yake, sasa anasogea kwa matako kutoka mlangoni mpaka kwenye bustani ya mboga. Siku moja nilimkuta amekishika chuma mapajani. Akaniambia, "Kaka, hiki kimenibeba miaka yote. Sasa kimeanza kunila."

Wakati huo ndipo lori lilipoleta lile pipa lako la plastiki ya majimaji, na kopo la gundi, na maelezo yako ya namna mlivyokuwa mnavika plastiki nyaya za kuanikia vyombo kule kiwandani. Uliandika kwamba nikiona halifai nilimwage. Nililifungua, nikaona uji mzito wa kijani, nikamfikiria Adela papo hapo.

Lakini sikuthubutu kuanza na chuma chake. Nilianza na komeo za madirisha. Nilizisugua kwa msasa, nikazifuta kwa mafuta ya taa, nikazipasha moto kwenye makaa na kuzichovya. Zikapendeza. Kesho yake mke wangu Coleta alivuta kidogo kwa kucha, plastiki yote ikabanduka kama ganda la kiazi kilichochemshwa. Tukajua ni yale mafuta ya taa. Tangu hapo tunaosha kwa sabuni na maji ya moto, tunakausha kabisa, ndipo tunapaka gundi yako.

Shida ya pili ilikuwa moto wenyewe. Makaa hayapashi sawasawa. Upande mmoja plastiki iliungua ikatoa moshi mkali uliotutoa machozi, upande wa pili ikabaki laini kama ugali mbichi. Nikaenda kwa Mama Otilia anayeoka mikate karibu na soko, nikamwomba tanuri yake siku asiyooka. Akanitazama akasema, "Modesti, mikate yangu inaliwa na watu, hailiwi na madirisha. Jenga ya kwako, nitakuja kukuonyesha."

Na kweli alikuja. Tuliijenga nyuma ya karakana, kwa matofali ya kuchoma, mbali na nyumba kwa sababu ya ule moshi. Wazee waliopita walicheka wakasema Wafipa tumerudia malungu ya babu zetu ya kuyeyushia chuma. Otilia alinifundisha kunyunyiza unga kwenye kibati na kukiingiza ndani. Unga ukigeuka rangi ya chai ya maziwa, tanuri iko tayari. Ukiwa mweusi, ngoja ipoe. Baada ya hapo plastiki ya komeo haikubanduka tena, hata nilipozigonga kwa nyundo.

Nikaenda kwa Adela. Nilimweleza kwamba chuma ni hicho kimoja, na nikikiharibu hatuna kingine, na hospitali kilikotengenezwa iko mbali. Baba Mdogo alikuwa anasikiliza, akatikisa kichwa. Adela hakumwangalia. Aliniambia, "Kukaa hapa kibarazani ndio ulemavu wenyewe. Kichukue."

Mdogo wangu, nimechomelea mageti na matrela, lakini kazi ile niliiogopa kuliko zote. Nilikifungua kipande kipande, nikabandua ngozi iliyooza na kusugua kutu, bawaba za goti nikaziweka pembeni ili zisije zikagandishwa na plastiki. Nilizilainisha kingo zote zenye makali. Kila kipande nilikining'iniza kwa waya, nikakipasha, nikakishusha ndani ya pipa taratibu na kukipandisha taratibu zaidi, kisha nikakirudisha tanurini mpaka uso wake ulipong'aa. Tao la paja lilitoka na mapovu. Nilikaa chini kwanza. Halafu nikaikata plastiki yote kwa kisu, nikaanza upya, na mara ya pili likatoka laini kama jani la mgomba.

Kidonda kilipofunga kabisa tulikipeleka chuma kwa daktari. Alikipapasa ndani na nje, akatafuta mahali pa kukwaruza asipate. Akamwambia Adela avae soksi ndefu ya pamba chini yake, na aanze kidogo kidogo. Adela akafunga mikanda, akasimama, akavuka chumba mpaka dirishani, akabaki ameangalia nje. Baba Mdogo alitoka nje akajifanya anamtafuta fundi wa baiskeli.

Shule zilipofunguliwa Julai alirudi darasani. Ngozi yake ni salama mpaka leo, Coleta humkagua kila Jumapili baada ya misa.

Habari zikasambaa. Shija, yule Msukuma mwenye ng'ombe wengi bondeni, ameleta mishikio ya plau zake, maana asubuhi za baridi chuma kinauma viganja. Wenye mashua wa Kasanga ziwani wanataka kulabu na minyororo isiyoliwa na maji. Pipa limebaki robo.

Sasa sikiliza. Uliandika kwamba hutarudi nyumbani mikono mitupu, watu wasije wakasema mjini kumekushinda. Hapa hakuna anayesema hivyo. Mimi najua kuchovya tu. Kuchanganya, kuongeza rangi, kujua katika biashara hii huria nani Dar anauza dawa halisi na nani anauza maji, hayo unayajua wewe. Meza yako nimeshaichomelea, iko upande wa dirisha. Njoo na pipa la pili.

Coleta anakusalimu, na Mama Otilia pia ingawa hamjuani. Baba Mdogo anasema magoti yake yanakungoja. Msalimie sana Margareth na watoto. Mungu awafunike njia yote, awafikishe salama.

Adela amesoma barua hii akasema nimeacha jambo moja. Ameniagiza niandike kwamba siku utakayofika atakuja stendi kukupokea, kwa miguu yake.

Ni mimi kaka yako akupendaye,
Modesti