Sufuria ya Kokwet Yaenda Kortini

Jumanne, 7 Aprili
Nimechuna chai mpaka vidole vyeusi. Mvua haiishi, chai inachipua mbio. Gogo, nyanya yangu, ananishinda kuchuna. Aibu.

Senta ya kupimia chai ni stori za ramani tu. Tume ya uchaguzi na mipaka imechora mpaka mpya wa wadi, unafuata kijito chetu. Sisi wadi hii, wa ng'ambo wadi nyingine. Kokwet moja, majirani tuliooana na kuzikana tangu zamani, tumekatwa kama mkate. Tumeenda kortini, na Gogo ndiye shahidi wa kwanza. Anayeogopa ni mimi. Yeye haogopi kitu.

Siri: Kibet, yule kijana ninayemwaza, anakaa ng'ambo. Najua mpaka wa wadi haumzuii mtu kuvuka. Lakini bado.

Alhamisi, 9 Aprili
Gogo anataka kwenda kortini na sufuria! Ile kubwa ya kokwet, ya harusi na matanga. Pande zote mbili zilichanga kuinunua. Inakaa huku mwaka mmoja, ng'ambo mwaka mwingine, na mwaka wetu unaisha mwezi huu. Wakili wetu amesema kwa simu kwamba ushahidi umeshaandikwa, vyombo havihitajiki. Gogo akasema sawa. Kisha akaniambia niioshe.

Jumatatu, 13 Aprili
Nimekufa nikafufuka.

Askari wa lango alikataa sufuria. "Mama, hapa ni korti, si hoteli." Gogo akamuuliza, "Kwani nyinyi hamli?" Ikaachwa langoni, ikinyeshewa.

Ndani, mkalimani hakuwepo, ni mgonjwa. Gogo akaninyooshea kidole, kwamba mimi nitafsiri. Mbele ya watu wote! Nilitamani ardhi ipasuke. Wakili wa tume akapinga, eti mimi ni mjukuu. Jaji akamuuliza kama yeye hajui Kipsigis, lugha ya Gogo. Anajua, ni mtu wa Bomet. "Basi akidanganya utatuambia."

Nikala kiapo kwa sauti ya kifaranga.

Wakili wa tume akauliza kama kijito si mpaka wa asili. Gogo akajibu. Jaji akangoja tafsiri. Wakili mwenyewe alishaanza kutabasamu. Nikafunga macho nikasema yote: "Anasema, wewe kijana, waliopika harusi ya mama yako walitoka upande mmoja wa maji? Na anauliza, sufuria yetu ikigawanywa, kifuniko kitaenda kwa nani?"

Korti nzima ilicheka. Jaji pia, kidogo. Akaniambia niongeze sauti. Nikaongeza. Mimi!

Jumatano, 15 Aprili
Senta wananiita Mkalimani. Nilijificha nyuma ya magunia. Kibet akanipata, akauliza kama kweli nilisema maneno yale mbele ya jaji. Nikasema ndiyo. Halafu nikatoroka. Mjinga mimi.

Alhamisi, 23 Aprili
Hukumu kesho.

Wengine wanasema korti haiwezi kugusa kazi ya tume. Mzee mmoja wa upande wetu amesema sufuria ibaki huku kabisa, mwaka ukiisha tusiwape wa ng'ambo, maana watakuwa watu wa wadi nyingine. Maneno hayo yameniogopesha kuliko korti.

Ijumaa, 24 Aprili
Jaji hakuchora mpaka. Alisema hiyo si kazi yake. Lakini ule mstari wa kijitoni ameufuta. Tume iliangalia maji, haikuangalia watu wanaishi vipi, na haikuja kutusikiliza. Sasa lazima ije, isikilize, ndipo ichore upya.

Si kushinda kabisa. Wanaweza kuchora tena vibaya. Tuliimba njia nzima hata hivyo. Gogo anauliza tume ikija itapikiwa nini.

Jumamosi, 25 Aprili
Zamu ya ng'ambo imefika. Hakuna aliyepinga, hata yule mzee. Yeye ndiye aliyeleta kifuniko.

Kibet alishika upande mmoja wa sufuria, mimi mwingine. Daraja ni la miti, linateleza. Tulipofika katikati ya maji nikamwambia, "Polepole," kwa ile sauti ya kortini.

Akapunguza mwendo.