Bandama la Desi

Mjukuu wangu Koleta, babu yako anakusalimu, mama yako anakusalimu, na shangazi yako wa Kibaoni pia. Mdogo wako Desi anakusalimu akiwa amelala.

Unauliza mbona tumbo lake limevimba. Daktari anasema mifupa yake imeshindwa kutengeneza damu, basi mbegu za damu zimehamia kwenye bandama, zinajaribu huko.

Marehemu mdogo wangu alivimba hivyohivyo. Mama alimchanja chale huku akilifokea bandama: "Mtoke mwanangu, mwizi we!" Kumbe lilikuwa linamhangaikia. Ni kama mpunga tuliouhamishia kichuguuni mto Lumemo ulipofurika: uliota, lakini ukatoa mapepe, punje hakuna.

Leo Desi kaniomba nimkande. Nimeweka mkono pale, nikaliambia bandama pole.

Andika upesi, mama, akiwa bado ananisikia nikimsomea.

Bibi yako