Cherehani Niliyoibeba Kichwani

Mpapura

Mjukuu wangu Zuhura,

Asalaam aleikum. Huku hatujambo, mikorosho imechanua, na mama yako mdogo amejifungua salama mtoto wa kike.

Umeniuliza ununue kompyuta ipi, ile nyembamba nyepesi au ile nzito wanayosema ina nguvu zaidi. Kompyuta sizijui, mama. Lakini wakati wa usichana wangu baba aliniambia nichague cherehani, nikachagua ndogo ya mkono. Mafundi wenye cherehani za miguu walinicheka: "Hicho kidude kitashona nini?"

Asubuhi moja, kijiji cha jirani, pasi ya mkaa iliunguza gauni la bibi harusi. Mafundi wakamwambia mjumbe aliyetumwa kuomba msaada, "Lileteni hapa." Harusi ilikuwa siku hiyo hiyo, muda wa kwenda na kurudi haukuwepo. Nikajitwika cherehani yangu, nikaenda nikakaa mkekani, nikabadilisha kipande kilichoungua. Ilishona polepole na mkono uliniuma, lakini bwana harusi alipofika, bibi harusi alikuwa tayari, anacheka.

Basi usiangalie nguvu tu, jiulize kazi itakukuta wapi. Wewe wa chuoni leo, kesho kwenye basi, ningekuchagulia ile nyepesi. Ila uamuzi ni wako.

Wakati wa kurudi, kaka yake bibi harusi alitaka kunibebea cherehani.

Nikamwambia, "Si nzito."

Akajibu, "Najua. Nilikuona ukija nayo."

Akaibeba hadi mlangoni kwetu. Ndiye babu yako, na anakusalimu sana.

Mungu akulinde,
Bibi yako, Somoe