Mama Mkwe Kasugua Sarafu Zangu

Shoga, nimechoka. Hata kulia siwezi.

Zile sarafu zangu za kale za shaba kumi na mbili, ninazozikusanya na kuzipanga kwa daraja la ubora na kuzipiga picha pale dirishani? Mama mkwe kazisugua. ZOTE. Kwa limau na chumvi!

Nimerudi kutoka kazini, nikazikuta zimeanikwa juu ya taulo, zinang'aa kama vijiko vya harusi. Ule weusi wa miaka mia ndio uliokuwa unazipa daraja na thamani. Umeishia kwenye sinki.

Nikamuuliza, "Mama, umezisugua?"

Akanijibu, "Nimekusaidia, mwanangu. Kila siku nakuona unahangaika kupiga picha uchafu."

Uchafu, shoga. Uchafu!!

Mkwe hafokewi. Nikasema asante.

Yeye akachukua ile adimu kuliko zote, akaisogeza dirishani, akaniambia, "Haya, piga sasa, mwanga upo."

Nikapiga. Nakutumia.

Sarafu achana nayo, imeshakufa. Tazama vidole vilivyoishika. Vimechubuka vyote, na chumvi ile. Anasema alianza asubuhi, mimi na mume wangu tulipofunga tu mlango kwenda kazini.