Ngoyi Anaanza Kusema, Mama Yake Analomba Shindano ya Dawa

Citoyen mushauri,

Nakusikiaka ku redio unavyogombeza bantu, na leo nalomba unigombeze na minyi, lakini unisaidie kwanza, juu nimechoka. Niko psychologue, nilisomea Kisangani kazi ya bongo ya batoto, wale malaria iliwapanda ku kichwa, wale ba kifafa, na niliporudi Kamina bantu balifurahi munganga amekuya, kisha bakaona sina shindano ya kuchoma, sina dawa ya kinini, niko paka na vipande vya mbao na mapicha tu, na tangu pale banasema Mulanga alikula masomo yote ile juu ya kuchezesha batoto, hata bwana yangu anacheka na benzake. Sasa kuko mutoto mumoja, Ngoyi, miaka saba, malaria ilimuachia mukono wa kuume muzito na maneno yote ikapotea, lakini tunacheza, tunacheza, ameanza kusema «maji», juzi amenitukana na nikalia kwa furaha. Mama yake, muke wa soda, askari wa ku base, ananiambia: «Munganga, kucheza hata ku nyumba anacheza. Shindano iko wapi?» Na jirani yangu, infirmier Kisimba, mwenye kuchoma bantu shindano, anasema: «Mulanga, weye ni mupumbafu mwenye diplôme. Muchome maji ku tako, mama atafurahi, kisha endelea na mbao zako.» Mama amesema kama wiki hii hakuna shindano, anamupeleka kwa Kisimba na kwangu harudi tena. Nimuchome maji nisimupoteze mutoto, ao nimuache aende?

Mulanga, Kamina

Citoyenne Mulanga,

Pole. Minyi masomo ya secondaire sikumaliza, lakini macho niko nayo. Pita ku soko, angalia batoto banaoburuta mguu mumoja, uliza bamama zao. Batakuambia: «Ilianza na shindano ya ku tako.» Mushipa ulioguswa, weye unajua jina yake kuliko minyi, na bado unauliza! Mutoto amekwisha kupoteza mukono, unataka umutafutie na mguu?

Kisimba banamuheshimu juu ya kilio. Mutoto akilia, mama anajua kazi imefanyika.

Lakini weye nawe. Ukichezesha Ngoyi, mama yake iko wapi? Najua: anakaa ku banc ya inje, mulango umefungwa, njo vile balikufundisha. Anasikia paka mbao zinagongana. Hata minyi ningelomba shindano.

Usingoje wiki iishe. Wende kwake leo, bila mbao. Umukute anachambua maharagi, umukalishe Ngoyi pembeni, mukono wa kushoto mama aushike, mutoto achambue na ule muzito. Akitaka kitu, mama asimupe mbele ya kujaribu kusema jina ya ile kitu. Yeye mwenyewe aone, yeye mwenyewe afanye, kila siku. Na umuambie kweli: si maneno yote itarudi, mukono hautakuwa kama zamani. Atakasirika. Akikufukuza, rudi kesho asubui.

Ofisi yako ufunge leo. Hakuna mutu atakayeona tofauti. Wende.