Mfupa Ulioachana

Mpendwa dada yangu Paskazia,

Nakusalimu kwa jina la Bwana wetu. Hujambo huko uliko? Nyonga zinakuuma bado? Nauliza leo kwa sababu ulipokuwa hai sikukuuliza. Mimi mdogo wako Adelina ni mzima, mgongo tu unanisumbua, na wote hapa nyumbani Muleba wanakusalimu.

Nina habari za binti yako Kemilembe. Amejifungua mtoto wa kiume, mkubwa, baada ya uchungu wa siku mbili. Arobaini ikapita, kutembea hawezi. Anaburuza mguu, na akijigeuza kitandani analia. Kupiga magoti ndiyo kabisa. Hapo maneno yakaanza kwa wakwe zake Kibeta. Baba mkwe akiingia, binti anamwamkia amesimama, ameshika ukuta. Mama mkwe akasema, "Huyu kwao wanasalimiana kama askari?" Alipokonda, habari ya kiburi ikaisha. Wakasema ana Juliana, huu ukimwi, maana mumewe anavua Goziba, na ya visiwani yanajulikana. Wakamtengea sahani.

Dada, nilipoambiwa hiyo ya sahani nilikaa chini. Ni yale yale yako. Wewe ulipoacha kupiga magoti tulisema ndoa imekuotesha mapembe. Ulipokonda, mimi mwenyewe, ninayekomunika kila Jumapili, nilikuwekea kikombe cha peke yako, nikawa nakianika nje juu ya kisiki. Ulikiona. Ukanywa, ukasema tu, "Ade, chai yako siku hizi ina sukari nzuri." Nilishaungama kwa padri. Kwako ndiyo naungama leo.

Safari hii nilikataa. Nilikwenda Kibeta, nikamwomba mwenye gari la ndizi atupakie, nikampeleka binti yako hospitali mjini Bukoba. Wana mashine ya kutazama ndani ya mwili, wanaiita altrasaundi. Nilidhani ni ya wajawazito tu. Daktari, mama mmoja mpole, alimpaka kitu cha baridi kama ute wa yai chini kabisa ya tumbo, pale penye mfupa, akapitisha kidude chake. Kemilembe akatazama kioo, akaninong'oneza, "Mama mdogo, mbona ni kama uji umemwagika?" Daktari akacheka, akatuonyesha kwa kidole. "Huku mfupa wa nyonga, na huku mwingine. Hapa mbele ilitakiwa iwe imeshikana." Katikati palikuwa na nafasi. Akamwambia ainue mguu kidogo, na ile nafasi ikapanuka, nikaiona kwa macho yangu haya. Daktari akauliza, "Na huyu mlikuwa mnamtaka apige magoti?"

Dada, ngoja nipumzike kidogo.

Nilikumbuka mwaka wa vita. Tumekimbia kutoka mpakani, uchungu ukakukamata ndani ya kibanja, shamba la migomba la watu tusiowajua, kumbe ni huyu huyu Kemilembe anakuja. Siku ya tatu wanawake wakasema mpanueni. Mguu wa kulia alivuta mmoja wao. Wa kushoto nilivuta mimi. Nikasikia kitu kimelia kama kuni kavu. Ukasema, "Ade, umenivunja." Nikakwambia, sukuma.

Kama na Juliana ulikuwa nayo, sijui, hukupimwa. Lakini hata ungekuwa nayo, mfupa ulikuwa umeachana, na hakuna aliyekufunga hata kitambaa. Hilo silinyamazii tena.

Nilirudi Kibeta nikawaeleza. Mama mkwe akasema, "Picha imeonyesha mfupa. Na damu je?" Mimi, ambaye tangu utoto sijamwamkia mkubwa bila goti, nilimjibu nimesimama, heshima nikaiacha kwenye "waitu" tu. "Waitu mama, damu ni yake na Mungu wake. Awe na Juliana, asiwe nayo, mfupa unafungwa." Akasema sina adabu. Nikasema basi, sina.

Sasa Kemilembe yuko kwangu. Tumemfunga kitambaa kipana kuzunguka nyonga, kwa kukaza, kama daktari alivyotuelekeza. Maji habebi, na akijigeuza anageuza miguu yote miwili pamoja. Daktari alisema itachukua miezi. Jana alifika kwenye mibuni kwa fimbo, akarudi na maneno, eti ndizi zangu haziivi kwa sababu naongea mno jikoni. Nikajua anapona. Anakula sahani moja nami.

Ila wakwe wametuma neno. Jumamosi wanakuja kumchukua mtoto, mama abaki huku mpaka Mungu atakapomchukua. Mtoto bado ananyonya, dada. Nimempelekea mumewe ujumbe Goziba kwa wachuuzi wa samaki, sijui kama umemfika, sijui kama atapanda mtumbwi. Awepo au asiwepo, wanawake wa jumuiya watakuja asubuhi na viti vyao, na tutakaa mlangoni, tukisali rozari kama itabidi hadi jioni. Nakuahidi, huyo mtoto hatoki kifuani mwa mama yake nikiwa hai. Mguu wako niliuvuta kwa sababu watu walisema vuta. Safari hii waseme watakavyo.

Kwaheri, dada yangu. Barua hii naiweka kibanjani, chini ya jiwe la msalaba wako. Tuombee, na unisamehe. Kama kuna namna ya kujibu huko uliko, nijibu mapema, kabla ya Jumamosi.

Ni mimi mdogo wako,
Adelina